Nani Mwenye Deni la Waya wa Wote?

Mtu akimwaga maji machafu mlangoni pa jirani yake, mtaa mzima humwona na kumkemea. Lakini uko uchafu mwingine usioonekana kwa macho wala kunuka, nao wapita kila siku katika nyaya za maghorofa ya Mchafukoge, ukavuka Mnazi Mmoja mpaka madukani Kariakoo. Wenye kuutoa ni sisi sote, wala hakuna akiriye kuwa ni wake. Yafaa tuuchunguze, kwa maana wafundisha jambo kubwa kuliko umeme wenyewe.

Umeme tuletewao na TANESCO huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa wimbi laini kama la bahari siku ya shwari. Balbu za zamani zililifuata wimbi hilo kwa uaminifu. Vyombo vingi vya siku hizi havifanyi hivyo. Taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, kompyuta na televisheni hunyakua umeme kwenye kilele cha wimbi tu, kisha huacha. Kunyakua huko huzaa mawimbi mengine yenye kasi zaidi, ya mara 150 kwa sekunde, mara 250 na kuendelea, nayo huingia katika nyaya za wote. Wahandisi huyaita hamoniki. Yakizidi, hupasha transfoma joto kupita kiasi, na kuchosha mota za majokofu na pampu za watu wasiohusika kabisa.

Tutazame jengo moja. Hupokea umeme kwa nyaya tatu za fezi, na waya wa nne, yaani nyutro, ndio njia ya kurudia. Wapangaji wa fezi tatu wakitumia umeme kwa utaratibu na kwa kadiri iliyo sawa, mikondo yao hufutana katika nyutro, hata waya huo ukabaki karibu mtupu. Lakini mawimbi yale ya mara 150 hayafutani, hujumlika. Vyombo vya namna hiyo vikiwa vingi, mkondo wa nyutro waweza kuushinda ule wa fezi, hata kuukaribia mara 1.7. Na kwa kawaida waya huo hauna fyuzi ya kuulinda. Basi waweza kuungua kimya kimya ndani ya ukuta, hali hakuna mpangaji hata mmoja aliyepita kipimo chake.

Je, ni nani mwenye hatia? Fundi cherehani atasema, “Taa yangu ni moja tu.” Mwenye duka atasema, “Nauza watakacho wateja.” Mwenye jengo atasema kwamba hakuzileta taa hizo, na shirika la umeme litasema kwamba lilileta umeme safi. Kila mmoja asema kweli, na waya waungua! Hata kanuni ya kimataifa IEC 61000-3-2 haiviwekei mpaka vyombo vya wati 75 au chini yake, isipokuwa taa, kana kwamba kilicho kidogo si kitu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, wala hawakusema kuwa ni kibaba cha heri peke yake.

Wengine watajitetea kuwa wamekwisha kulipa LUKU, basi hawana deni. Lakini mita ile huhesabu uniti. Haisemi umezichukua kwa namna gani, wala umemwachia jirani nini. Kulipa bei si kutimiza haki yote.

Hata hivyo hatusemi kwamba wote wana lawama sawasawa. Mtu hudaiwa kwa kadiri ya ujuzi wake na uwezo wake. Fundi cherehani hana chombo cha kupimia, wala si haki kumtwika mzigo huu. Lakini aagizaye taa kwa maelfu aweza kuuliza kiwandani kama zina vichujio. Mwenye ghorofa aweza kumwita fundi aupime mkondo wa nyutro, na kuweka waya mnene zaidi panapohitajika. Wakaguzi wa viwango waweza kukizuia bandarini kile kisichofaa. Nayo kanuni ya wahandisi, IEEE 519, yagawa wajibu kwa busara: mtumiaji azuie mkondo mchafu autoao, na msambazaji ailinde volti wapewayo wote. Mmoja akilala, kazi ya mwenzake yaharibika.

Mchuma janga hula na wa kwao. Hapa janga lachumwa na wengi, kidogo kidogo, na huenda likaliwa na yule ambaye hakuchuma hata chembe. Kwa hiyo atumiaye kitu cha wote haifai ajiulize tu, “Je, sehemu yangu yatosha kudhuru?” Jibu litakuwa “la” siku zote, nalo litamlaza usingizi. Yampasa ajiulize, “Je, sote tukitenda kama mimi, waya huu utastahimili?”