Kuhani Uria na Ramani ya Madhabahu

Somo: 2 Wafalme 6:1-7 na 16:10-18



Katika kitabu cha pili cha Wafalme yamo mashauri mawili ya kujenga, nayo hayafanani hata kidogo. La kwanza ni la wana wa manabii. Walimwendea Elisha wakamweleza ya kuwa makao yao yamekuwa finyu, hayawatoshi tena. Wakaomba ruhusa waende Yordani, kila mtu akate boriti yake, wajenge pengine. Elisha akawaruhusu. Tena mmoja wao alipomsihi afuatane nao, hakukataa, akaenda nao hata kwenye miti. Shauri la pili ni la mfalme Ahazi. Alikwenda Dameski kuonana na mfalme wa Ashuru, akaiona huko madhabahu iliyompendeza macho. Basi akapeleka mfano wake na vipimo vyake vyote kwa kuhani Uria, naye Uria akaijenga sawasawa na ile ramani, tena kwa haraka, hata mfalme aliporudi nyumbani alikuta kazi imekwisha.

Tazameni lile lisiloandikwa. Hatusomi ya kuwa Uria aliuliza neno lo lote. Hakuuliza madhabahu hii ni ya kazi gani, wala itasimama wapi, wala ile ya shaba iliyokuwapo tangu Sulemani itahamishiwa wapi. Wala hakuwa mtu asiye na sifa. Wengi humdhani kuwa ndiye yule Uria ambaye Isaya alimtwaa awe shahidi wake mwaminifu (Isaya 8:2). Lakini mtu mwaminifu alinyamaza mbele ya ramani, nayo yaliyofuata twayasoma: mfalme aliiondoa madhabahu ya shaba mbele ya nyumba, akaiweka kando upande wa kaskazini, kisha akayavunja matako ya shaba, akaiteremsha ile bahari kutoka migongoni mwa ng'ombe wa shaba, akaiweka juu ya mawe. Alianza kwa kuongeza, akamaliza kwa kupunguza.

Nayaandika haya kwa sababu ya jambo linalozipata sharika nyingi za mashamba. Kanisa la kale halitoshi. Watoto husimama nje madirishani. Wazee wa kanisa hukutana, sadaka hukusanywa, fundi huleta ramani. Ndipo wengine husema: Na tuanze mara moja, na wengine husema: Msiguse hata ubao mmoja. Je, nani ataipima ile ramani, na kwa kipimo gani?

Nataka tuangalie mambo ya Norwei, nchi ya Walutheri wenzetu, maana huko shauri hili limekwisha kujaribiwa kwa karibu miaka mia nne, kwa mema na kwa mabaya. Wanorwei wa kale walijenga makanisa yao kwa mti mtupu. Walilaza magogo juu ya mawe, wakasimamisha nguzo juu ya magogo hayo ili zisiguse udongo zikaoza. Wakafanya kuta kwa mbao za kusimama, na nje wakazipaka lami ya msonobari. Wenye kuchunguza mambo hayo hudhani yalikuwa zaidi ya elfu. Leo yamebaki 28.

Mengi yaliharibika kwa uzee na kwa kuachwa. Lakini mengine mengi yaliangushwa katika karne ya 19, na walioyaangusha walikuwa watu wa kanisa, wenye nia njema. Mwaka 1851 ilitolewa sheria ya kwamba kanisa la shamba sharti liwe na nafasi ya kutosha sehemu tatu katika kumi za watu wa usharika wake. Shabaha yake ilikuwa nzuri; ni nani atakayechukia watu kupata mahali pa kusikia Neno? Lakini makanisa ya kale yalikuwa madogo, na penye sharika nyingi njia rahisi ilikuwa kuvunja na kujenga upya. Walihesabu viti, wala hawakuhesabu kitu kingine. Huko Borgund walipata akili nyingine: mwaka 1868 walijenga kanisa jipya kando ya lile la kale, na mwaka 1877 chama cha kulinda vitu vya kale, kilichoanzishwa mwaka 1844, kikalinunua lile la kale. Hata leo yote mawili yamesimama.

Sasa tutazame kanisa la Lom, lililo bondeni katikati ya milima mirefu. Lilijengwa katikati ya karne ya 12, karibu miaka mia nne kabla ya Matengenezo ya Kanisa kuingia Norwei mwaka 1537. Zamani watu walisimama humo wakati wa Misa. Baadaye waliketi kusikiliza mahubiri, na watu walioketi huhitaji nafasi kubwa kuliko wanaosimama. (Neno hili ni dogo, lakini wajenzi wengi hulisahau.) Basi mwaka 1634 waliliongeza kanisa upande wa magharibi, na mwaka 1663 wakalitia mikono miwili, wa kaskazini na wa kusini, hata likawa na umbo la msalaba. Ukuta wa kale ulitobolewa, hilo halikaniki. Lakini nguzo ndefu za kwanza ziliachwa zisimame katikati chini ya paa yake iliyoinuka, na usharika ungali hukutana humo. Hawa waliongeza bila kumfukuza mwenye nyumba.

Kanisa la Heddal, lililo kubwa kuliko yote 28, lilipata mambo mengine. Halikuvunjwa, lilitengenezwa katika miaka 1849 hata 1851, na msanifu aliyeongoza kazi aliitwa Johan Henrik Nebelong. Lakini siku zile ujuzi wa majengo hayo ulikuwa haba, na katika miaka ya 1950 ilibidi kulitengeneza tena na kuondoa mengi ya yale yaliyofanywa. Karibu miaka mia moja ilipita, kisha usharika ukalipa mara ya pili.

Kwa ajili ya mambo kama hayo Wanorwei walijiwekea utaratibu. Tangu mwaka 1912 iko afisi ya serikali iitwayo Riksantikvaren, kazi yake kuvilinda vitu vya kale. Na kanisa lililojengwa kabla ya mwaka 1650 linalindwa na sheria, wala usharika hauwezi kuliongeza au kulibadili bila ruhusa. Mwaka 1964 mafundi na wataalamu wa nchi nyingi walikutana Venice, wakaandika kanuni zinazofuatwa mahali pengi hata sasa. Maana yake kwa kifupi: kilichoongezwa kisilifunike lililo jema katika jengo la kale, wala kisiharibu ulinganifu wake na mahali liliposimama, tena kazi mpya ijulikane kuwa mpya, isijifanye ya kale.

Wengine hunung'unika kwa maulizo haya, wakidhani ni maneno ya watu wa mjini wasiojua shida ya shamba. Mimi naona yana faida hata mahali pasipo afisi wala sheria. Chukueni neno la maji tu. Paa jipya likikutana na la kale hufanyika bonde kati yao, na mvua yote, au huko Norwei theluji yote, hukusanyika hapo. Boriti za chini huanza kuoza pasipo mtu kuona, na kwa kawaida zinazooza kwanza ni zile za kale. Au makaburi: kanisa la shamba limezungukwa na wafu wake, na msingi mpya hauchimbwi bila kujua nani amelala pale. Au sauti: je, yule mama mzee atakayeketi mwisho wa sehemu mpya atamsikia mhubiri, au atamwona tu? Nayo haja ya jiko na vyoo si lazima ibandikwe katika ukuta wa miaka mia nane. Mara nyingine nyumba ndogo karibu na lango la makaburi yatosha.

Lakini nisiwasahau wale wapimao ramani, maana na wao wana majaribu yao. Yuko mtu apendaye mbao za kale kuliko watoto walio dirishani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya saba, lafundisha ya kuwa umoja wa Kanisa hutoshelezwa na Injili ifundishwayo kwa usafi na sakramenti zitolewazo sawasawa. Desturi zilizowekwa na wanadamu hazina haja ya kuwa namna moja kila mahali. Umbo la paa limo katika hizo. Elisha angaliweza kuwajibu wana wa manabii ya kuwa nyumba iliyowatosha wa kwanza na iwatoshe wao. Hakusema hivyo. Tena mmoja wao alipoangusha chuma cha shoka majini akalia, kwa kuwa kilikuwa cha kuazimwa, Elisha hakumkemea kwa kukata miti. Aliuliza kimeangukia wapi. Ndivyo apasavyo mpimaji kusimama karibu na kazi, akikumbuka kwamba kanisa la kale nalo ni kitu cha kuazimwa, maana wenyewe wamo makaburini na wengine hawajazaliwa.

Basi, enyi wazee na waalimu, ramani ikiletwa msiitie sahihi siku ile ile. Na ibandikwe mlangoni pa kanisa Jumapili kadha wa kadha, watu waitazame. Fundi apige mambo chini na kufunga kamba, ili kila mtu auone kwa macho ukubwa wa kile kitakachoongezwa na urefu wa kivuli chake. Waulizeni wakongwe maji ya masika hupita wapi. Mwiteni fundi wa pili, asiye na faida katika kazi hiyo, aipime. Na ndugu yule aliyetoa fedha nyingi, akaleta na picha ya kanisa aliloliona mjini likampendeza, apewe shukrani, aketi pamoja na wengine, aulizwe yale ambayo Uria hakumwuliza mfalme.