Saa Mbili za Koboko

Swali la iwapo kila tukio lina sababu yake ni la kale katika falsafa na katika elimu ya dini, lakini katika zama hizi limepata makao mapya kwenye kazi ya waandishi wa programu, yaani wale wanaotunga maagizo ambayo simu na kompyuta huyatekeleza, kwa kuwa wao hulazimika kulijibu kila siku kwa vitendo. Maagizo hayo yakishaandikwa huitwa msimbo, na kosa lililojificha ndani yake huitwa hitilafu. Hitilafu inayomkondesha mtu si ile inayoisimamisha programu papo hapo, bali ile inayojitokeza leo, ikatoweka kesho inapotafutwa, kisha ikarudi baada ya mwezi mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Wenye fani wameipa jina la utani linalotokana na Werner Heisenberg, mwanafizikia wa Ujerumani, kwa maana kwamba kitendo chenyewe cha kuichunguza huibadilisha.

Nile Magharibi, ile pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, ina mazingira yanayozalisha hitilafu za aina hiyo. Awindiri, katika jiji la Arua, saa iko mbele kwa saa tatu kuliko saa ya dunia, yaani saa ya rejea ambayo mataifa yote hupimia saa zao. Ng'ambo ya mpaka wa Vurra, katika mji wa Aru wa Kongo, iko mbele kwa saa mbili tu. Na Sudan Kusini, ambayo awali ilikwenda sawa na Uganda, ilirudisha saa zake nyuma tarehe 1 Februari 2021. Kwa hiyo simu iliyoko Koboko, ikisogea karibu na mpaka wa Oraba na kunasa mnara wa ng'ambo, inaweza kujirudisha nyuma saa nzima bila mwenyewe kuigusa. Ichukuliwe sasa programu ya daftari la mauzo: gunia la maharage limeuzwa saa nne na dakika hamsini, malipo yakapokelewa robo saa baadaye, lakini katikati hapo simu imebadili mnara, na malipo yakaandikwa kuwa ya saa nne na dakika tano. Programu inaona fedha zilizolipwa kabla ya mauzo, inazikataa, na mwandishi wake aliyeko Kampala, ambako hakuna mnara wa nchi nyingine, anarudia hatua zilezile mara mia bila kuona kasoro yoyote. (Msemaji wa Kiswahili, ambaye saa mbili yake ya asubuhi ni saa nane kwa wengine, pengine angepaswa kuwa wa kwanza kushuku kwamba saa ni makubaliano ya watu.)

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alidai katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa kwamba pamba na moto vinapokutana, macho huona kuungua kukifuatana na kugusana, wala hayaoni ulazima unaoviunganisha. Mfuatano huo ni desturi aliyoiweka Mungu, naye hafungwi nayo. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kwamba anayekanusha sababu anakanusha akili yenyewe, kwani kukijua kitu ni kuzijua sababu zake. Mwandishi wa programu, hata akiwa mfuasi wa Ghazali msikitini, mbele ya kompyuta hana budi kuwa wa Ibn Rushd: akikubali hata mara moja kwamba malipo yamekataliwa bila sababu, kazi yake imekwisha. Lakini imani hiyo haimpi faraja, kwa kuwa kujua kwamba sababu ipo si kujua ilipo, na hitilafu ya Koboko haimo katika msimbo peke yake wala katika simu peke yake.

Uchungu wa hitilafu hiyo hasa unatoka kwingine. Hakuna anayeandika programu yote kwa mkono wake; sehemu kubwa huazimwa kutoka maktaba, yaani mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine ili utumiwe na yeyote. Maktaba njema huja na maelezo: amri hii inapokea nini, inarudisha nini, na inashindwa lini. Iliyo mbaya hutoa amri ya kuuliza saa bila kusema kama saa inayorudishwa ni ya simu au ya dunia. Anayeitumia huwa katika hali ya mtu aliyepokea hadithi isiyo na isnadi, yaani isiyo na mlolongo wa waliopokezana hadi kwa msemaji wa kwanza: maneno yanaweza kuwa sahihi, lakini hakuna wa kuulizwa.

Mwanaanthropolojia John Middleton, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu dini ya Walugbara, wenyeji wa Nile Magharibi, alieleza jinsi maradhi yalivyohusishwa na wahenga na kinyongo cha wazee walio hai, na jinsi ramli zilivyotumika kutambua nani hasa amehusika. Msomi wa leo huona huko mkanganyiko wa sababu za kimaumbile na mahusiano ya watu. Lakini Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo uliotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005, una amri inayoonyesha kila mstari uliandikwa na nani, na jina la amri hiyo kwa Kiingereza lina maana ya laumu. Anayeiita usiku wa manane hatafuti sababu ya kimaumbile. Anamtafuta mhenga, mtu asiyekuwapo aliyemwachia kazi pasipo wasia. Ghadhabu yake si kwa mashine, ambayo haikumwahidi chochote.

Kinyume cha ukimya huo wa maktaba kipo. Jedwali la majira ya saa lililoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ambalo simu na kompyuta nyingi ulimwenguni hulitegemea, limejaa mistari ya maelezo inayotaja nani alileta habari za badiliko fulani, lini, na kwa ushahidi gani. Mabadiliko ya Sudan Kusini yamo, na Kampala imeunganishwa na Nairobi, pamoja na ile miaka ambayo Afrika Mashariki ilitangulia kwa saa mbili na nusu. Hiyo ni isnadi kamili. Hata hivyo haiwezi kumwokoa mwenye daftari la Koboko, kwa sababu jedwali ni sahihi na kilichokosekana ni mstari mmoja katika maktaba nyingine, unaosema amri ile hurudisha saa ya nani. Anayeugundua ukweli wa mstari huo baada ya wiki tatu za kukesha hurekebisha programu yake, akafunga kompyuta, akalala, wala hauandiki.