Hadithi Inayongoja Mkono Wako

Hadithi ni chakula cha akili, na mapishi yake ni mengi. Iko ya kusimuliwa, ya kuandikwa, ya jukwaani na ya filamu. Zote zina tabia moja: mwovu hutenda uovu wake na mwema wema wake, nasi tumeketi kando, mikono yetu safi. Twaweza kulia, kucheka au kulaani, lakini hatuulizwi tulitenda nini. Je, iko hadithi iwezayo kumwuliza msikilizaji swali hilo? Iko, nayo ni ile ya mchezo wa kompyuta.

Wengi huuona mchezo huo kuwa mwizi wa wakati, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini mpunga hauhukumiwi kwa makapi yake. Chukua mfano wa Papers, Please, mchezo uliotungwa na Lucas Pope, Mmarekani, ukatolewa mwaka 2013. Ndani yake wewe u karani wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Kazi yako ni kukagua pasipoti na kupiga muhuri wa kukubali au wa kukataa. Hulipwa kwa idadi ya watu uliowamaliza, na ukikosea huletewa onyo; makosa yakizidi, mshahara hukatwa. Jioni huhesabu fedha za kodi, chakula na joto la nyumba. Zikipungua, jamaa zako hulala na njaa au huugua.

Siku moja hupita mwanamume mwenye hati kamili. Akuomba umhurumie mkewe anayemfuata. Mke afika, hana kibali cha kuingia. Asema kwamba hawezi kurudi alikotoka kwa kuhofia maisha yake. Sheria yasema mkatae. Utafanyaje?

Katika kitabu, ungefunua ukurasa ukajua karani alifanya nini, kisha ungemsifu au kumlaumu. Hapa ukurasa haujifunui. Muhuri u mkononi mwako, foleni ni ndefu, na mwanao ana baridi. Ukimkataa mama yule, huwezi kusema karani alikuwa katili, kwa maana karani ni wewe. Ndipo ujifunzapo jambo gumu kufundishwa kwa maneno: kwamba ukatili mwingi duniani hautendwi na mashetani, bali na watu wa kawaida waliochoka, wenye watoto wa kulisha.

Labda utasema kwamba mama yule ni picha tu, na kwamba njia zote zilichorwa na mtungaji. Ni kweli, mchezo huo una miisho 20, wala hakuna wa 21. Lakini hata maishani hatuchagui njia panda tutakayofikia. Twachagua njia ya kushika. Tena kioo si uso, walakini huonyesha taka iliyo usoni.

Basi, msomaji, usiache vitabu kwa ajili ya michezo, wala usidharau mchezo uliotungwa kwa hekima. Kitabu hukuonyesha moyo wa mwingine. Mchezo wa namna hii hukuonyesha wako. Tofauti moja uikumbuke: katika mchezo, aliyekosea huanza tena siku ile ile. Mpaka wa kweli hauna siku ya kurudiwa, na anayesimama dirishani hapo si picha.