Nafaka ya Mke kwa Mume Mwenye Saa Chache za Kazi Ng'ambo

Tumeulizwa hapa Kihonda, na wazee wenye vijana wao Uingereza, suala ambalo lafaa kuandikwa ili lisomwe na wengi.

Kijana ameoa, akaenda ng'ambo kusoma, akafuatana na mkewe. Serikali ya huko humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na mke aliyeingia naye huruhusiwa kufanya kazi siku nzima. (Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi hawaruhusiwi tena kuchukua wake zao, ila wa shahada za utafiti na wachache wengine, lakini hukumu ni moja.) Basi kodi ya nyumba hulipwa kwa ujira wa mke, na chakula vivyo hivyo. Mume asema: Mimi ni msafiri, na saa zangu ni chache, nafaka ya mke, yaani chakula, mavazi na nyumba, imeniondokea.

Jawabu yake: Haikumwondokea. Safari ina ruhusa zake katika sala na saumu, na kwetu sisi Mashafii aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hizo humkatikia. Itakuwaje mtu wa miaka mitatu adai ruhusa ambayo hata msafiri wa kweli hakupewa?

Ama uchache wa saa, si aibu. Maulamaa wetu wametaja habari ya mfumaji amalizaye nguo moja kwa wiki, na ujira wake ukatosha wiki nzima: mkewe hana haki ya kutaka ndoa ivunjwe. Hawakuhesabu siku za kazi, wamehesabu kutosha. Hapa Kihonda twawaona vibarua wa viwandani, leo huitwa, kesho huambiwa hapana kazi, na nyumba zao zasimama. Tena sheria imemwonea huruma mwenye pato dogo: tajiri ni juu yake mudi mbili za chakula kila siku, wa kati moja na nusu, fakiri moja. Saa 20 zaweza kumshusha mtu daraja ya fakiri; hazimshushi hata asiwe na wajibu. Wala asizivuke kwa siri, kwani aliingia nchi ile kwa sharti alilolikubali, na Sura ya Maida huanza kwa amri ya kutimiza ahadi. Naye akifukuzwa, mke hufukuzwa pamoja naye.

Sasa ujira wa mke. Huo ni mali yake, mume hana fungu ndani yake. Bibi Zaynab, mkewe Abdullahi bin Masud, alikuwa na kazi ya mikono, na mumewe alikuwa maskini. Alimtuma Bilal kumwuliza Mtume kama yafaa kumpa mumewe, akajibiwa kwamba ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Angalieni neno hili sadaka. Kama ingalikuwa faradhi juu yake kumlisha mume, isingaliitwa hivyo.

Na sadaka hutoka kwa ridhaa. Mwanamke aliye ng'ambo, walii wake yuko Morogoro, kadhi hayuko karibu, jirani hajui lugha yake, hunyamaza kwa kuwa hana pa kusemea. Kunyamaza kwa bikira ni idhini katika kuozwa. Katika mali si idhini. Hapa ndipo tuonapo dhuluma kubwa kuliko ile ya mume mvivu wa mjini, ambaye mkewe aweza kurudi kwao kwa miguu. Basi mume amwulize waziwazi: Hizi ulizotoa ni zawadi, au wanikopesha? Akisema ni mkopo, aziandike kwa tarehe na kiasi. Na nafaka ya chakula na mavazi ambayo hakuitoa, kwa madhehebu yetu, haianguki kwa kupita siku; hubaki deni shingoni mwake ijapokuwa hakimu hakuihukumu, na akifa hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana, kama lilivyo deni la duka.