Nani Ana Haki ya Kukaa?

Mikahawa ya ufuoni hapa Diani siku hizi inauza matcha, ule unga wa majani ya chai yaliyotiwa kivuli wiki kadhaa kabla ya kuchumwa. Wajapani wana chai nyingi za kijani: sencha hukua juani, gyokuro hufichwa jua, hojicha hukaangwa mpaka ikawa ya kahawia. Katika kikao chao cha matcha mgeni hula kitu kitamu kwanza, mara nyingi cha maharagwe yaliyopondwa na sukari, ndipo anywe ile chungu. Kikao kamili huchukua kama saa nne. Dunia nzima inakiita sanaa.

Sasa vuka barabara, ingia ndani Ukunda. Muuza kahawa ana dele juu ya makaa, vikombe visivyo na mkono, ndoo ya kusuuzia, na kashata za njugu na za nazi. Watafuna kidogo, wapiga funda la kahawa chungu yenye tangawizi. Hesabu ni ileile, utamu kwa uchungu, ila kwetu hakuna ukimya: siasa, mpira, bei ya samaki Msambweni.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma. Naandika kwa simu, nalipwa kwa makala, ikilipwa. Nikikaa barazani saa kumi jioni, shangazi husema, "Mwanangu, mbona wakaa na wazee? Kijana hutafuta." Mzee wa kando yangu amekunywa dele lilelile kwa muda uleule, yeye ana busara, mimi mvivu. Mtalii mbele ya bakuli lake la matcha, huyo anapumzika.

Kama kukaa ni kubaya, basi ni kubaya kwetu sote. Umri hauwezi kugeuza uvivu ukawa hekima, wala pesa haziwezi. Hapo shangazi sikubaliani naye.

Lakini ana hoja nyingine, hata kama hajaisema hivyo: kukaa kwangu kuna anayekugharamia. Chakula nitakachokikuta jioni amekipika yeye. Dada yangu hawezi kukaa pale barazani hata dakika tano bila kuulizwa amefuata nini. Na hizi kashata tunazozitafuna tukitengeneza nchi kwa mdomo, nazi yake imekunwa alfajiri na mama mmoja wa nyuma ya msikiti. Kikapu huletwa na mtoto. Yeye mwenyewe sijawahi kumwona na kikombe mkononi.