Ubaguzi Uliopitishwa Barazani

Tukisikia ubaguzi wa rangi tunafikiria Marekani na Ku Klux Klan waliojifunika nyuso. Huku kwetu haukujifunika. Ulikuja na sheria. Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama wakatae kutoa vijana wao wakawafanyie Wazungu kazi. Mwaka 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti. Mwaka 1920 walowezi wakachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944. Miaka hiyo yote babu zetu walining'iniza kipande shingoni.

Sasa, Warumi 13 inatuambia tutii mamlaka. Je, Mekatilili alikosea? Viapo vya kaya naviacha kando. Nauliza kuhusu kule kukataa. Mimi naona hakukosea. Paulo huyohuyo alifundisha kwamba Mungu alitutoa sote katika mtu mmoja (Matendo 17:26). Sheria ikikana hilo ni dhambi, hata ikiwa na mhuri.

Nasi tukipiga kura, ama tukichagua wazee wa kanisa, tukasema "huyu wa bara si wetu", tofauti yetu na wale walowezi iko wapi? Tujipime. Amina.