Gitare ya Mzee: Tubadilishe Nini?

Sisi wa Butembo na Beni tunajua biashara: wachuuzi wetu wanafika Dubai na Guangzhou, mizigo inapitia Kasindi. Lakini funguo za kukaza kamba za gitare ya umeme ya zamani haziko sokoni. Nyingi za siku hizi zinaomba tundu la milimita 10. Matundu ya zamani ni madogo. Fundi anasema: tutoboe! Je, ni haki yetu? Kamba tulibadilisha kila mara, hata waya ya breki ya baiskeli ilisaidia, hakuna aliyelia. Mbao njo ilikunywa jasho ya mzee, nayo haioti tena. Kwa maoni yetu, tutafute kwanza gitare iliyokufa, tutoe funguo zake, hata tungoje mwaka. Mwenye haraka ya arusi ya Jumamosi aazime ya jirani.